Kabla hujanunua kiwanja karibu na hospitali, uliza kwanza nani analipa bili

Mwezi huu watu kama wanne wamenifuata na swali lilelile, kwamba kaka hii bima ya afya kwa wote ikishakolea, viwanja vya Mitengo, kule ilipo hospitali ya kanda, si vitapanda? Nichukue saizi au nisubiri? Nikimjibu mtu "inategemea" anaona namficha dili. Basi ngoja niandike ninachokijua, mwenye kutaka kununua, kujenga, kuuza au kupangisha huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mpaka Masasi, apate pa kuanzia. Mimi sio dalali. Nina vyumba vinne vya kupangisha Magomeni hii ya Mtwara na niliwahi kuuza kiwanja kwa ajili ya ugonjwa nyumbani, kwa hiyo haya mambo nimeyaona nikiwa mwenye nyumba na nimeyaona nikiwa muuzaji aliyebanwa.

Usichanganye jengo na sera

Mtu akisikia sera ya afya anawaza jengo jipya lenye bati la bluu. Jengo ni sehemu tu. Sera ni pamoja na nani analipa bili ya mgonjwa, watumishi wangapi wanaletwa na wanalala wapi, mgonjwa anaruhusiwa kwenda hospitali ipi kwa kadi yake, na kiasi gani kinakatwa kwenye mshahara wa mtu kabla hajalipa kodi ya nyumba. Kila kimoja kinasukuma bei ya nyumba kwa namna yake na saa nyingine kimoja kinapandisha kingine kinashusha, ndo maana nasema inategemea.

Tuna kumbukumbu yetu wenyewe. Mtwara ile ya gesi, 2012, 2013, chumba kilichokuwa cha kawaida kikawa kinatajwa bei ya Dar, watu wakakopa wakajenga gesti na apatimenti kwa kutegemea wageni. Bomba la kwenda Dar likakamilika 2015, mafundi wakaondoka, na wengi wetu tunajua nyumba zilizobaki na makufuli. Lindi nao, wangapi walinunua mashamba kuelekea Likong'o kwa habari ya mtambo wa LNG, ule wa kusindika gesi iwe kimiminika, wakakaa miaka wanasubiri? Kosa lilikuwa lilelile, tulinunua habari. Hospitali haiondoki kama mkandarasi wa bomba, hilo kweli, lakini hospitali isiyo na wagonjwa wanaoweza kulipa haimjazii mtu vyumba.

Hatua ya kwanza: jua mgonjwa anaishia wapi kwa kadi yake

Hapa ndipo kwenye uzito wote na ndipo watu wanapita haraka, kwa hiyo soma taratibu.

Matibabu yetu yana ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, mpaka taifa. Kwa Kusini ngazi ya mkoa ni Ligula pale Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Ngazi ya kanda ni ile Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo, Rais Samia aliizindua Septemba 2023, inahudumia Mtwara, Lindi na Ruvuma. Kabla ya hapo ugonjwa mkubwa ulikuwa ni basi la Dar, zaidi ya kilomita 550, mtu anakwenda kulala kwa ndugu Mbagala wiki tatu akisubiri Muhimbili.

Sasa angalia kadi. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ambayo watu wengi wa vijijini ndio waliyokuwa nayo kuanzia 2018, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka na huduma zake ziliishia hospitali ya mkoa. Maana yake mkulima wa Tandahimba mwenye CHF aliishia Ligula, akipewa rufaa ya Mitengo alilipa mwenyewe mfukoni. Mwenye NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mtumishi anayechangiwa asilimia 6 ya mshahara, tatu zake tatu za mwajiri, huyo anafika mpaka juu. Kwa hiyo jengo la Mitengo linaweza kuwa zuri vipi, wanaolijaza ni wenye NHIF na wenye taslimu, na hao huku kwetu sio wengi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopita bungeni Novemba 2023, ndiyo inayoweza kubadili hiyo picha, maana inataka kila mkazi awe na bima na inaweka utaratibu wa kuwabeba wasio na uwezo. Utekelezaji unakwenda kwa hatua. Wewe mwenye hela ya kiwanja mkononi swali lako lisiwe "imeanza?", swali ni "kitita cha mkulima wa kawaida, yaani huduma anazolipiwa na bima, kinamfikisha ngazi gani?". Kikimwishia wilayani au mkoani, wapangaji na walalaji wanabaki Ligula, Chikongola, Shangani huko. Kikimfikisha kanda, wanahamia Mitengo na njia ya Mangamba. Nenda ofisi ya NHIF ya mkoa, keti, uliza hilo swali moja, uliza na huduma gani zimo kwenye kitita cha msingi. Ni bure na itakuokoa zaidi ya dalali yeyote.

Na usiishie kwenye kadi tu, uliza hospitali zinaipokea? Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisimamisha kupokea kadi za NHIF kwa mvutano wa kitita kipya cha bei, siku zile mwenye kadi alikuwa anatembea nayo kama picha. Mvutano wa namna hiyo ukiwa mrefu, fremu zilizozunguka hospitali husika zinasikia kabla ya wengine wote, duka la dawa, mama lishe, stendi ya bodaboda.

Hatua ya pili: nenda kakae pale

Chukua siku tatu, moja iwe Jumatatu, moja katikati ya wiki, moja Jumapili. Kaa nje ya hospitali unayoitegemea kuanzia saa moja asubuhi. Angalia wanaotoka na mabeseni na thermos wanaelekea wapi. Wanaopanda bajaji kurudi mjini hawahitaji chumba chako. Wanaolala kwenye mikeka chini ya miembe ndio wangekihitaji, ila uliza kwa upole kwa nini wanalala pale, ni kwamba hakuna vyumba au ni kwamba hela haipo. Jibu likiwa la pili, chumba chako hakitawasaidia wala hawatakusaidia, wanahitaji sera ibadilike kwanza.

Uliza kliniki zina siku gani, na daktari bingwa yupo wa kudumu au anakuja kwa kambi. Kambi ya madaktari bingwa inajaza gesti wiki moja halafu kimya. Anayejaza chumba mwaka mzima ni mgonjwa wa kurudi rudi, mfano anayesafishwa damu, huyo kwa kawaida anatakiwa mara tatu kwa wiki, hawezi kutoka Nachingwea kila mara, lazima ahamie karibu yeye na wa kumwangalia. Huduma ya namna hiyo ikifunguliwa hospitali fulani na bima ikailipia, hapo ndipo chumba kimoja chenye choo ndani kinapata mpangaji asiyehama. Bima isipoilipia, nasema kwa uchungu, yule mpangaji hadumu, maana hela inaisha.

Kuna na wajawazito wanaotoka mbali kuja kusubiri uchungu karibu na hospitali. Serikali ikijenga nyumba za kusubiria, ile biashara ya kuwapangisha vyumba inapungua na ni jambo jema, mimi siwezi kulalamika mama akijifungua salama.

Hatua ya tatu: hesabu watumishi

Mpangaji bora hapa kwetu ni muuguzi, tabibu, mtu wa maabara. Mshahara wake una tarehe. Anataka maji ya uhakika, fensi, na pawe karibu kwa sababu ya shifti ya usiku. Kwa hiyo ukisikia zahanati ya kijiji inapandishwa kuwa kituo cha afya chenye upasuaji, uliza mambo mawili tu: ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa, ni watu wangapi, na nyumba za watumishi zimejengwa ngapi. Watumishi kumi na tano nyumba mbili, kuna soko. Nyumba zikitosha, usijenge. Haya ukiuliza vizuri mganga mfawidhi au mtendaji wa kata anakwambia, sio siri. Vijijini mimi naona nafasi hii ni nzuri kuliko Mitengo kwa mtu mwenye mtaji mdogo, maana kiwanja ni rahisi na mpangaji ni uhakika.

Hesabu yenyewe ifanye hivi. Sema nyumba ya vyumba vitano imekula milioni 25 (weka namba zako). Chumba 40,000, vyote vikijaa ni 200,000 kwa mwezi, 2,400,000 kwa mwaka, miaka zaidi ya kumi hujarudisha na hujapaka rangi wala hujaziba bati. Toa miezi miwili ya vyumba vitupu kila mwaka. Toa kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida. Ikibaki bado inakuridhisha endelea. Ikikuridhisha tu kwa masharti kwamba kodi itapanda mara mbili bima ikija, acha.

Tena ngoja niseme kitu ambacho wengi hawakitegemei. Bima ikifanya kazi kweli inaweza kushusha kodi za vyumba, sio kupandisha. Pita Naliendele, Mtawanya, Mangamba, uone yale maboma, kuta zimefika lenta, ndani imeota miti. Ukiuliza wenyewe, wengi watakwambia hela ya kupaua ilikwenda hospitali. Baba alianguka, mtoto akachomwa na uji, mama ana sukari. Familia hizo zikiacha kulipa taslimu, yale maboma yanapauliwa, vyumba vinaongezeka sokoni. Marekani walishaona kitu cha jirani na hiki, California walipopanua bima ya watu wa kipato cha chini iitwayo Medicaid, watafiti wakakuta kesi za wapangaji kufukuzwa zimepungua kwenye maeneo yaliyopanua mapema. Bili ya hospitali ikipungua kodi inalipwa. Ndivyo ilivyo hata Chuno.

Kama unauza kwa sababu ya mgonjwa

Hapa nakuomba usome hata kama huna mgonjwa.

Mama yangu alipougua tuliambiwa kiasi, tukaambiwa na tarehe. Nilikuwa na kiwanja njia ya Mangamba, kimepimwa, kina bikoni. Nikakitoa kwa bei ya nusu kwa mtu aliyekuja na hela kwenye mfuko wa rambo siku ileile, na kabla ya hapo tulishauza korosho za msimu ujao kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi nje ya mnada. Mama akapona, namshukuru Mungu, lakini tulitoka kule bila kiwanja na bila msimu. Ningeyajua haya ninayoandika chini pengine tungebaki na kimoja.

Kwanza kabisa nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaita dalali. Kuna msamaha kwa wasio na uwezo, kuna wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, kuna watoto chini ya miaka mitano na wajawazito, sera inawataja. Nenda na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Utekelezaji unatofautiana hospitali na hospitali, mimi pale nilipokuwa hakuna aliyenielekeza dirisha hilo, nililisikia nimeshauza. Omba pia kulipa kidogo kidogo kwa maandishi.

Pili, pangisha kabla ya kuuza. Chumba kimoja chenye mpangaji anayelipa mwaka mzima mbele kinaweza kutoa hela ya dharura na nyumba ikabaki yako. Shamba nalo hivohivo, kodisha mikorosho msimu mmoja kwa mkataba ulioshuhudiwa na serikali ya kijiji, idadi ya miti iandikwe, tarehe ya mwisho iandikwe. Kangomba ni kosa kisheria na inakula bei yote, unauza kilo kwa bei ya chini wakati mnada haujaanza.

Tatu, kama lazima uuze, uza kipande. Kiwanja kikubwa kinaweza kugawanywa, shamba linaweza kukatwa ekari moja. Na weka siku saba, hata kama mnunuzi anakwambia "leo tu". Siku saba hizo tangaza kwa ndugu kwanza.

Kama wewe ndiye unayenunua kwa mwenye mgonjwa

Bei itakuwa ya chini na moyo utakushawishi. Sikwambii usinunue, yule anahitaji hela na wewe unayo, lakini mpe bei ya haki, na ujilinde, kwa sababu nyumba zilizouzwa wodini huzaa kesi.

Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 kiko wazi. Kwa hiyo mke asaini, mume asaini, na kama mgonjwa ndiye mwenye nyumba hakikisha anajielewa siku hiyo. Halafu huku kwetu kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba ana kauli. Unaweza kununua kwa baba na watoto wote wamesaini, mwaka wa pili anatokea mjomba kutoka Newala anasema shamba hili lilikuwa la dada yangu. Muite mapema, mnywe chai, aweke dole gumba. Viwanja vilivyopimwa kaangalie ofisi ya ardhi ya halmashauri jina ni la nani. Ardhi ya kijiji lazima halmashauri ya kijiji ihusike, Sheria Namba 5 ya 1999, usidanganywe na karatasi ya mashahidi wawili pekee.

Habari za kodi: soma, usisikilize kijiwe

Kila sera kubwa ya afya inakuja na uvumi wa kodi ya nyumba. Marekani 2010 walipopitisha sheria yao ya afya, ndani yake kulikuwa na kodi ya asilimia 3.8 iliyoanza 2013, na uvumi ukaenea kwamba kila anayeuza nyumba atakatwa. Haikuwa hivyo. Iliwagusa wenye kipato cha juu, zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka kwa mtu asiye na ndoa, 250,000 kwa wanandoa wanaowasilisha hesabu pamoja, na faida ya kuuza nyumba unayoishi ilikuwa na msamaha mkubwa, dola 250,000 kwa mmoja na 500,000 kwa wanandoa. Watu wa kawaida waliogopa bure.

Kwetu vyanzo vilivyotajwa kwa ajili ya kuwabeba wasio na uwezo ni vitu kama vinywaji baridi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Kodi ya kuuza kiwanja ilikuwepo tangu zamani, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na nyumba uliyoimiliki miaka mitatu na kuishi angalau miwili inasamehewa kama faida haizidi milioni 15. Tunza risiti za saruji na nondo, ndizo zinazopunguza hiyo faida kwenye hesabu za TRA.

Cha kuangalia zaidi ni makato. Kenya hapo jirani mwajiriwa sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHIF, bima yao ya afya iliyoanza Oktoba 2024, juu yake 1.5 ya nyumba. Mpangaji akikatwa, kitu cha kwanza anachofikiria ni kuhama kwenda chumba cha bei nafuu. Kwa hiyo kama wapangaji wako ni waajiriwa wa viwandani au bandarini, mchango mpya ukitangazwa usipandishe kodi mwaka huohuo, kaa nao muongee. Chumba kitupu miezi mitatu kinakula zaidi ya ile elfu tano uliyotaka kuongeza.

Na ratiba yako ya korosho

Wengi tunajenga kwa korosho. Hela inaingia AMCOS, chama chetu cha ushirika, ikishalipwa baada ya mnada, Oktoba mpaka Januari huko, na wiki hiyohiyo fundi yuko mlangoni, mwenye bati yuko mlangoni, mwenye pikipiki yuko mlangoni. Mwaka huu jaribu hivi: siku hela inapoingia kwenye akaunti, kabla ya tofali hata moja, kata mchango wa bima wa kaya yako yote, hakiki majina na picha za watoto, ya bibi pia kama mnakaa naye. Piga picha risiti. Ndio uende kwa muuza bati.

Mimi bati zangu za chumba cha tano nilizinunua hivyo msimu uliopita, kadi kwanza. Mwezi wa tatu mama alilazwa siku sita, na bati zilikuwa bado zipo pale ukutani zinasubiri fundi.